Asilimia ya Guanini

"Guanini ni asilimia hamsini na sita, mwalimu."

Alisema hivyo akiwa ameibana sauti, simu kaishika kwa mikono miwili. Upande wa pili mzee alikohoa kwanza, ndipo akacheka. Siku zote hukohoa kwanza.

"Haraka haraka haina baraka, binti. Tuanze upya. DNA ina nyuzi ngapi?"

"Mbili."

"Adenini hushikana na nani?"

"Na thimini."

"Basi zinalingana. Adenini ikiwa ishirini na mbili, na thimini ni hiyohiyo. Toa arobaini na nne kwenye mia."

"Inabaki hamsini na sita."

"Ambayo umempa guanini yote, sitosini mwenzake ukamwacha mikono mitupu. Wagawie sawa kwa sawa."

Binti aligongagonga kalamu mezani, kana kwamba anapiga hesabu.

Tangazo alilikuta limebandikwa nje ya duka la vitabu: mwalimu mstaafu anajibu maswali ya biolojia kwa simu, jioni, bila malipo. Alilisoma mara mbili, akaenda moja kwa moja kununua laini mpya. Tangu hapo hakukosa kupiga jioni hata moja, wala hakuwahi kupata jibu papo hapo. Akilipata mapema, simu nayo itakatwa mapema. Kisha atabaki na sahani moja, kikombe kimoja, na kuta zisizoitikia salamu.

"Ishirini na nane," alisema mwishowe.

"Hapo umepata. Umekula?"

Kutwa nzima alikuwa amezungukwa na watu, na hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Bado, mwalimu."

"Kula. Mimi nakula peke yangu na chakula hakina ladha, lakini nakula." Mzee alisita. "Kesho utapiga?"

"Nitapiga. Hili swali bado halijaniingia vizuri."

Mzee alikohoa, lakini safari hii hakucheka.

"Hesabu hii nilikufundisha mwenyewe, mezani kwetu, na uliipata kabla sijamaliza kuuliza," mzee alisema taratibu. "Leo wewe ndiye unayeifundisha chuo kikuu. Tulitupiana maneno makali, mwanangu, na hasira ni hasara. Kesho usipige. Njoo nyumbani."