Tumbo Lililong'aa

Tumbo la daktari liling'aa kwenye skrini kama karabai.

Alikuwa amejilaza ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kuijaribu tu, nasi tulitarajia picha nyeusi tii. Siku hiyo mashine ilikuwa ikitafuta florini peke yake, na florini mwilini mwa mtu ni ya kutafuta kwa tochi. Dawa yetu yenye florini tulikuwa tumewadunga panya weupe wa maabara tu. Wakishakufa, mpishi wa kantini huwabeba, eti anakwenda kuwachoma wawe majivu kwenye tanuri lake.

"Vipi, giza tupu?" daktari aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Bosi, mchana ulikula nini?"

"Si tulikula wote? Sungura wa mchuzi. Wewe mwenyewe ulilamba sahani!"

Kitu kilichonikwama menoni tangu mchana kikanijia ulimini. Nikakitemea kiganjani. Kilikuwa kipande cha mkia, chembamba, kina unyoya mmoja mweupe.

Mlango ukafunguliwa. Mpishi akachungulia, tabasamu hadi masikioni.

"Wakubwa, mchuzi umebaki. Niwawekee wa jioni?"

"Niwekee mimi!" daktari akaitikia kutoka ndani ya mashine. "Na minofu ya chini usiisahau!"