Mkeka wa Matanga

"Taka za mionzi tutazizika nyuma ya soko," afisa alitangaza jukwaani. "Uamuzi umeshapita. Tumekuja kuwaarifu tu."

Mwanaidi, muuza mikeka, damu ilimchemka. Akapenya umati, akatandika mkeka mpya chini ya jukwaa.

"Bwana mkubwa, hapa kwetu anayezika hukaa matanga. Wewe utakaa nasi mpaka lini?"

"Mama, mionzi hiyo haiishi leo wala kesho. Hata wajukuu wa wajukuu wenu wataikuta."

"Kumbe matanga ni yetu! Basi na kaburi tuulizwe sisi wafiwa."

Vigelegele vikapasua uwanja. Afisa alishuka, akavua viatu, akaitandaza mkekani ramani yake ya mahali pa kuzika taka. Kisha akamnyooshea Mwanaidi kalamu.