Barua Ndani ya Unga

Ilikuwa wiki ya tatu Tegwen Prydderch hajaoka mkate. Idwal, mumewe, alikula mikate ya dukani bila kuuliza, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye tundu la barua mlangoni.

"Haijaja," alisema asubuhi ile, akifunga tai mbele ya kioo. "Na leo ndiyo siku yenyewe."

"Barua hupotea," Tegwen alijibu, akampa mgongo.

"Eh, hupotea. Inawezekana kabisa imepotea."

Barua haikupotea. Ilikuwa ndani ya kopo la unga, rafu ya juu, imekunjwa katika karatasi ya siagi. Tegwen aliidaka mlangoni siku ilipofika, Idwal akiwa zizini anakata kwato za kondoo. Tangu hapo hakuthubutu kulifungua lile kopo.

Bonde zima la Cwm Hesgog liliijua sheria. Anayeshinda kwa shairi kuu la Eisteddfod, tamasha la washairi, huandikiwa wiki tatu kabla, ili asije akakosa kufika, na haruhusiwi kumwambia mtu, hata yule anayelala naye kitanda kimoja. Walioshindwa hawaandikiwi kitu. Kila mshairi hutuma kazi yake kwa lakabu. Siku ya tamasha baragumu hulia, lakabu huitwa, na mwenyewe husimama katikati ya watu. Huvikwa joho, huketishwa kwenye kiti kipya kilichochongwa kwa ajili yake, na kiti hicho huenda nacho nyumbani.

Idwal alikuwa amekiwania kwa miaka ishirini na miwili. Kando ya meko aliacha nafasi tupu, na ole wake aliyeweka hapo hata kikapu cha kuni.

"Idwal, na trela la kondoo umekuja nalo tena?" Morfudd, jirani yao, aliuliza walipoketi ndani ya hema la tamasha, yeye akiwa safu ya nyuma. "Mwaka jana lilirudi limebeba nini vile? Maji ya mvua?"

"Cheka tu, bibi. Siku nikikipakia, utakuja kuniomba ukikalie."

"Nitakikalia. Mradi kisinuke kondoo."

"Nimeliosha mara mbili."

Watu wa safu nzima walicheka. Tegwen alijaribu kucheka nao, midomo ikakataa. Alimimina chai kutoka kwenye chupa, ikammwagikia gotini.

Wala si barua peke yake iliyomkaba. Kulikuwa na lile neno.

Miaka yote Idwal alitungia kibandani, dirisha likitazamana na la jikoni. "Tegwen! Mvua inayopiga ubavuni tuiiteje?" Naye, mikono imejaa unga, humrushia neno. Idwal hulionja, husema, "Si baya," kisha huliandika. Baada ya dakika tano huita tena. Mwaka mmoja majaji waliisifu mistari yake mitatu. Yote mitatu ilikuwa imetoka jikoni. Idwal alivimba kifua hadi Krismasi.

Mwaka huu mada ilikuwa kizingiti. Mwezi Machi Idwal aliita dirishani akitaka neno la ule mbonyeo unaobaki kwenye jiwe la mlango, pale nyayo za vizazi zilipopita. Tegwen alikuwa nalo. Lilikuwa juu ya ulimi wake, zima, tamu.

"Sina," alimwambia.

"Huna kabisa?"

"Kabisa."

Idwal alibaki dirishani, kalamu hewani, kama mtu aliyefungua bomba akakuta maji yamekatwa. Kisha akasema, "Basi, umechoka. Pumzika, mke wangu." Upole ule ndio uliomchoma. Angemfokea, ingekuwa nafuu.

Jaji alipanda jukwaani, karatasi mkononi. Mashairi kumi na moja yalifika, alisema. Saba yalikuwa mashairi, matatu yalikuwa malalamiko. Watu wakacheka.

"Na moja," jaji aliendelea, "lilinifanya nifunge mlango na kukaa kimya. Wengine wote wamekiruka kizingiti. Huyu anakijua kama mtu aliyekipiga deki kwa magoti."

Idwal alimshika Tegwen kiwiko. "Nimewahi kukipiga deki mimi," alinong'ona, tumaini likimpandisha sauti. "Ulipovunjika mguu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mara moja."

"Mara moja inatosha, Tegwen. Mshairi hahitaji zaidi."

Tegwen alimtazama mumewe. Alikuwa amejikata kidevuni akinyoa, na shati alilovaa ni lile la harusi ya binti yao, alilolitunza kwa ajili ya kiti. Mwambie, Tegwen alijisihi. Mwambie sasa, kabla hajasikia pamoja na watu mia nne. Akafumbua mdomo.

Baragumu likalia.

"Asimame mwenye lakabu ya Kipozamataza," sauti ikaita kutoka jukwaani, "yeye peke yake."

Vichwa vikaanza kugeuka huku na huku. Morfudd aliinuka nusu ili aone vizuri. Idwal hakutikisika, vidole vyake vimekwama kwenye ukingo wa benchi. Joho la zambarau lilikuwa tayari mikononi mwa watu wawili pembeni ya jukwaa, na wote wawili walikuwa wakitafuta.

Tegwen akasimama.

"Kaa chini, mke wangu," Idwal alimnong'oneza, akimvuta sketi. "Unamziba mshindi."

"Sikai," Tegwen alisema. "Na radhi siombi, Idwal. Kalete trela."