Barua ya Ghala la Matufaha

Bibi alinisogezea barua juu ya sahani ya biskuti. "Soma wewe mwaka huu, mwanafunzi wa jioni. Macho yangu yamegoma."

Kila Jumapili ya kwanza ya Adventi, majuma ya kungojea Krismasi, tukishawasha mshumaa mmoja, Bibi hutusomea barua ya baba yake aliyefia vitani Urusi. Nimeikariri tangu utotoni: amelala kwenye ghala la matufaha, na harufu yake inamkumbusha nyumbani. Mwandiko ule wa zamani wa Kijerumani aliweza kuusoma yeye tu, mpaka nilipokwenda kujifunza kuusoma katika darasa la jioni.

Barua hukaa ndani ya kitabu cha Bibi cha shule, cha enzi za vita. Alama ya Wanazi kwenye jalada ameibandikia karatasi ya ukutani yenye maua. Gundi imegeuka kahawia.

Nilisoma kimoyomoyo. Kiongozi wa Wanazi. Ushindi. Wanakijiji wa kule, aliowaita wadudu. Nikageuza karatasi. Hapakuwa na tufaha hata moja.

"Mama, umeganda?" akauliza Merle, binti yangu, mdomo umejaa biskuti. "Fika basi kwenye matufaha!"

Bibi alikuwa akikwangua nta mezani kwa ukucha. "Nilikuwa na miaka tisa alipokufa," akasema taratibu. "Nilitaka baba wa kumkumbuka."

Mkono wake ulikuwa baridi nilipoushika.

"Matufaha hayamo humu, kipenzi," nikamwambia Merle. "Barua hii tutaisoma ukikua. Matufaha ni ya Bibi. Mwombe akusimulie."