Safu ya Sababu

Kufikia saa nne asubuhi, nusu ya meli ilikuwa imekataa kukaa na Mzee Kasongo.

"Nilimuazima sufuria, akanirudishia mfuniko," Dunia alilalamika dirishani. "Niweke mbali naye, kaka."

"Mbali kiasi gani?"

"Angebaki hapahapa Kigoma ningeshukuru."

Heritier, karani wa kupanga mabenchi, akacheka, vidole vikiendelea kukimbia juu ya kibodi. Kompyuta ya ofisi ya wakimbizi pale bandarini ilikuwa kongwe, haina kipanya, ina kioo cheusi tu na herufi nyeupe. Wengine waliiogopa. Yeye alitaniana nayo kama shemeji. Majina ya wanaorudi Kongo yalikuwa kwenye faili moja, kila mtu na mstari wake. Namba za mabenchi kwenye faili jingine. Akaandika:

paste -d, abiria.txt benchi.txt > safari.txt

Akabonyeza. Mafaili mawili yakakaa ubavu kwa ubavu, kila jina na benchi lake. Safu mpya imeota, na hakuna aliyetoka jasho.

Bi Regina, msimamizi wake, akachungulia begani. "Ongeza safu nyingine. Sababu. Mtu akihamishwa benchi, iandikwe kwa nini. Wakubwa wakiniuliza sitaki kutoa macho."

"Hata ya sufuria?"

"Hata ya sufuria."

Asichojua Bi Regina ni kwamba Heritier, naye akiwa abiria, alikuwa amejipangia benchi la saba, ubavuni mwa mama wa Agape, binti ambaye yeye alitaka kumuoa, Agape akiwa upande wa pili. Mjomba wake Heritier alipeleka posa kwao Jumapili. Mpaka leo kimya. Meli ikifika bandari ya Baraka, upande wa Kongo, akina Agape watashuka na kupanda milimani kwao, yeye ataendelea hadi Uvira, na mchezo umeisha. Safari hii ndiyo ilikuwa nafasi yake: ambebee mama mizigo, amchekeshe, apate jibu kabla hawajakanyaga nchi kavu. Kijana aliyekulia kambini, hesabu zake zote alizifanya kwa kompyuta, si kwa mila.

Ndipo Mama Agape mwenyewe akatokea.

Siku zote mama huyu alimpigia kelele toka mbali: "Heritier, weye kichwa cha dagaa, umekula?" Leo alikuja kajifunika kitenge hadi puani, akasimama upandeupande, akiutazama ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ukuta ukaitikiwa.

Heritier akamnyooshea kalamu asaini. Hakuipokea. Alisubiri iwekwe mezani ndipo akaiokota.

"Nasikia nimepangwa benchi moja na wewe. Nitoe."

"Mama, benchi la saba liko dirishani, upepo mzuri..."

"Nitoe! Niweke nyuma kabisa, hata kwa mbuzi. Nisikuone, usinione."

Foleni nzima ikaguna. Dunia, ambaye hakuwa ameenda mbali, akanong'ona, "Pole, kaka. Hata Kasongo hajakataliwa hivi."

Heritier akatamani kompyuta izimike. Umeme wa Kigoma, unaokatika hata mtu akipiga chafya, leo ukagoma kukatika. Akafungua faili la mabenchi, akafuta saba, akaandika arobaini. Vidole vilevile vilivyokuwa vikikimbia sasa vilitafuta kila herufi kama vimepotea njia. Akairudia amri. Safu zikajipanga upya: Agape benchi la saba, Heritier benchi la saba, mama mtu kule kwa mbuzi.

Ikabaki safu ya mwisho, tupu, kidoti cha kuandikia kikimetameta kumsubiri. Nyuma yake Bi Regina alikuwa amekunja mikono.

"Lazima... lazima niandike sababu, mama," alisema. "Niweke ugomvi?"

Mama Agape akakivuta kitenge mpaka yakabaki macho tu.

"Ugomvi gani? Tangu lini mtu akakaa bega kwa bega na mkwewe?"