Shahidi wa Kiti cha Mbele

Shahidi aliwekewa kiti cha mbele kabisa, karibu na maikrofoni, na hapo ndipo Adyero hakutaka kukaa.

Asubuhi alikuwa amesingizia goti. Amito akalikanda kwa mafuta ya moto, akamvika gauni lake la gomesi la kijani, akamtafutia bodaboda wa mwendo wa taratibu. Sasa walikuwa Kabalagala, mjini Kampala, katika mgahawa wa Zéphyrin, Mkongo mwenye sauti nene ambaye kila Jumapili alasiri aliwakaribisha watu waje kusimulia yaliyowapata. Sheria yake ilikuwa moja. Kisa kiwe cha kweli, na msimulizi aje na mtu wa kukishuhudia. Kikiisha, shahidi husimama na kusema, "Ndivyo ilivyokuwa." Asiposimama, watu hugonga meza kwa chupa za soda mpaka msimulizi ashuke na aibu yake.

"Usijali, mama," Amito alimnong'oneza. "Kazi yako ni maneno mawili tu."

Akapanda jukwaani. Adyero hakuwa na mtoto mwingine ila huyo.

"Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Kiswahili changu mkivumilie," Amito alianza, na Wakongo waliojaa mgahawani wakacheka kwa upole. "Naitwa Amito. Kwetu kaskazini ni kama kusema, nilitaka. Mama yangu yule pale, alinitaka kweli."

Watu wakageuka kumtazama. Adyero akainua mkono nusu, akaurudisha mapajani.

Amito akasimulia juu ya mwaka ule wa vita, lori la jeshi lilipofika karibu na Kitgum kuokoa watu, na milio ya bunduki ikisikika ng'ambo ya mto. Wake za askari walikuwa wameshapanda. Waliobaki chini walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka mtoto wake atangulie.

"Basi watoto tukarushwa juu kama maboga," alisema. "Mama alikuwa juu tayari, akanidaka. Mimi sikumbuki kitu, nilikuwa nimeanza kutembea juzi tu."

"Ulikuwa unalia ama ulilala?" akadakia Josias, muuza mitumba, ambaye hakuna kisa alichokiacha kipite bila neno lake.

"Nililia mpaka Kampala, mzee. Mama anasema niliwachosha wale askari kuliko vita vyenyewe."

Mgahawa ukacheka. Amito akangoja kicheko kipoe, kisha akainamia maikrofoni.

"Milio ikakaribia, dereva akaondoa lori. Hapo ndipo alipotokea mwendawazimu. Mwanamke, kiatu mguu mmoja, anatukimbiza. Mgongoni amefunga leso kama mtu aliyebeba mtoto, na ndani hamna kitu. Amebeba hewa. Anatunyooshea mikono, anatutaka sisi watoto. Mama akanifunika kwa nguo yake asinione. Hicho ndicho kilikuwa kisa changu cha kulalia. Bila mwendawazimu, mimi sikulala."

Wakacheka tena. Adyero naye akacheka, midomo peke yake.

Lile neno alikuwa amelitia yeye. Amito, alipokuwa bado mdogo, aliamka akiuliza kwa nini kila mara anamwota mwanamke anayekimbia. Swali lilitaka jibu kabla uji haujapoa, na mwendawazimu ndilo lililomjia mdomoni. Baadaye akaongeza kile kiatu, akaongeza na hewa, mtoto akacheka, ndoto zikakoma.

Lakini yule mwanamke alikuwa na akili zake zote. Dereva alikuwa binamu ya mume wa Adyero. Angegonga paa la lori mara moja tu, binamu angesimama. Siku ile pia aliinua mkono nusu, akaurudisha mapajani.

"Mpaka leo," Amito alikuwa akimalizia, "nikimwona mtu anaongea peke yake pale sokoni Nakasero, namnunulia chapati. Namwambia moyoni, pole, hukunipata, lakini ule."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nyuma ya Adyero, mama mmoja aliyeitwa Kahambu, muuza vitenge, alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Zéphyrin akachukua maikrofoni. "Shahidi wetu. Mama Amito, umesikia kisa. Sema mbele ya watu."

Adyero akasimama. Mezani, vidole vya Josias vilikuwa vimeshaishika shingo ya chupa. Juu ya jukwaa Amito alikuwa akimtazama kwa tabasamu, akiyatamka yale maneno mawili bila sauti, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema asante.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Adyero.

Makofi yakalipuka. Amito akashuka mbio, akamkumbatia, shavu lake likiwa na jasho na joto. "Umeona, mama? Rahisi hivyo," akasema, akaenda kumletea soda.

Kahambu akainama kutoka kiti cha nyuma, akamgusa Adyero begani.

"Na yule maskini, mama. Alikuwa anasema nini akikimbia?"

"Sikusikia, dada. Lori lilikuwa linanguruma."

Alisikia. Mwanamke yule alikuwa akiita jina moja tu, Akwero, Akwero, na mtoto aliyekuwa mapajani mwa Adyero, ambaye bado hakuwa Amito, aligeuka akamnyooshea mikono.