Mitupo Miwili ya Mwisho

Alisimama mlangoni pa kinyozi, mwavuli mkono wa kulia, akainua mguu na kufuta soli ya kiatu kwa kiganja cha kushoto. Kisha mguu wa pili. Mle ndani mabishano yakakatika ghafla.

"Mashoto!" dereva wa teksi akapiga kelele. "Jamani, huyu si Mashoto?"

Mgeni hakumjua Mashoto wala ndugu yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mfanya usafi hospitalini, na mtu wa kazi ile asipofuta soli zake hujikuta akipiga deki mara mbili. Alitaka kupunguzwa nywele tu. Lakini dereva alikwisha kumvutia kiti, na fundi saa alikwisha kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyekuwa amemshika mgeni mkono namna ile. Akakohoa, akakaa, wala hakukana.

Siku hiyo akajifunza yeye ni nani. Zamani ilikuwapo timu ya mpira wa kikapu, vijana wenye vipaji vya kutisha, ambao waliingia fainali watu wakiwa wameshaanza kuwapongeza. Wakafungwa kwa pointi moja. Dakika ya mwisho Mashoto alipewa mitupo miwili huru. Akafuta soli zake kwa kiganja cha kushoto, kama ilivyokuwa desturi yake, akatupa na kukosa, akatupa tena na kukosa. Alitoka uwanjani na hakuonekana tena.

Dereva na fundi saa waliitazama fainali hiyo kutoka jukwaa la juu kabisa, kule kwa tiketi za bei poa, ambako sura ya mchezaji huioni ila mazoea yake. Tangu hapo hawakuwahi kupatana.

"Kocha aliwachosha," dereva alisema kila Jumamosi. "Benchi limejaa watu, yeye anawakamua wale wale!"

"Kocha gani, bwana wee! Majivuno yale. Kila mmoja anataka kufunga yeye, pasi wanatoa kama wanatoa figo."

Kinyozi peke yake hakuwa na upande. Alikuwa mtu wa kitambi na ndevu nyeupe, aliyelala chumba cha nyuma ya duka lake mwenyewe, peke yake. Mabishano yakifika kwenye ile mitupo miwili, yeye huchukua ufagio na kufagia, hata kama sakafu ni safi.

"Kinyozi gani huyu hana habari na michezo," dereva alimtania.

"Mimi nanyoa," alijibu.

Mgeni akawa anakuja kila Jumamosi, nywele zisipewe hata nafasi ya kuota. Kinyozi hakuuliza. Alikipangusa kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akapitisha mashine mahali pasipo na kitu. Nyumbani mgeni alikuwa mpweke, mpweke hasa, wa kuiambia birika asubuhi kwamba leo kuna baridi. Binti yake alipiga simu kwenye sikukuu, akiongea mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Hapa aliitwa kwa jina, hata kama jina si lake. Akiulizwa kuhusu fainali, alitikisa kichwa na kusema, "Mpira ndivyo ulivyo, ndugu zangu," nao wakanyamaza kwa heshima.

Lakini fundi saa ana macho ya kazi yake.

"Mashoto," alisema Jumamosi moja, "mbona kikombe unakishika kwa kulia?"

"Uzee, kaka."

Fundi saa hakucheka. Jumamosi iliyofuata alimngoja mgeni afungwe kitambaa, kisha akaja kusimama mbele yake, mikono nyuma.

"Nina swali moja tu. Kabla ya ile mitupo kocha alikuvuta pembeni, akakunong'oneza. Marehemu binamu yangu ndiye aliyekuwa anawabebea maji, na alisikia. Aliniambia mimi peke yangu, na mimi sijamwambia mtu. Kocha alisema nini?"

Dereva akaacha kutafuna karanga zake. Chini ya kitambaa jasho likamtiririka mgeni mpaka kiunoni. Aliifikiria birika. Vinyozi wapo tele mjini, angeweza kwenda kwa mwingine, lakini ni wapi tena angevutiwa kiti?

Kinyozi akazima mashine. Akachukua mkasi, akamwinamisha mgeni kichwa taratibu na kuanza kumpunguza nyuma ya sikio, ameinama karibu mno, ndevu zake zikimgusa shavu.

"Aah, mwache kwanza anyolewe," dereva akasema.

"Namwacha. Ajibu tu."

Mkasi ulilia kidogo, ukanyamaza.

"Alisema," mgeni akaanza, akasita, akasikiliza. "Alisema, 'Ufunge, usifunge, leo unakula kwangu.'"

Fundi saa akajishika mdomo. Macho yakamjaa machozi, mtu mzima yule, mbele ya watu.

"Ndiyo hayo. Hayo hayo, neno kwa neno. Nisamehe, kaka, nilikushuku bure." Akavuta pumzi. "Na mzee wa watu alikungoja. Binamu alikuwapo. Alikataa sahani yako isiondolewe mezani, mpaka chakula kikalala. Kwa nini hukwenda, Mashoto?"

Mgeni aliinua macho kwenye kioo, akimtafuta wa kumpa jibu.

Kinyozi alikuwa amekwisha kushika ufagio juu ya sakafu safi. Akauegemeza ukutani, akainua mguu na kufuta soli ya kiatu kwa kiganja cha kushoto, kisha mguu wa pili.